Rufaa ya PIP huku mwili unauma: usithibitishe maumivu, eleza kazi inavyokushinda

Wengi wanaoniuliza kuhusu rufaa ya PIP, malipo ya serikali ya Uingereza kwa wenye ulemavu au ugonjwa wa muda mrefu, huanza na swali lile lile: nitawafanyaje waamini kwamba naumwa kweli? Ukiingia kwenye kikao na swali hilo kichwani utatoka umechoka na lililotakiwa hukulisema. Jopo linalosikiliza rufaa halina mizani ya maumivu, wala sheria haiwaagizi wayapime. Wanachotafuta ni shughuli gani za kila siku zinakushinda, zinakushinda kwa namna gani, na kwa siku ngapi kati ya siku zako.

Mimi naumwa baridi yabisi, naishi Uingereza, niliomba nikakataliwa, nikakata rufaa. Si mwanasheria. Walioko Scotland wana malipo yao na taratibu zao, kwa hiyo mengi ya humu hayawahusu.

Taratibu zenyewe nitazipitia haraka. Barua ya kukataliwa ikifika, una mwezi mmoja kuanzia tarehe iliyoandikwa juu yake kuomba uamuzi ufikiriwe upya. Wakishikilia msimamo wao, watakutumia barua nyingine, na hiyo ndiyo tiketi ya kukatia rufaa: mwezi mmoja tena. Hakuna ada. Ukichelewa eleza sababu, wanaweza kukupokea, ila usiweke matumaini kwenye huruma ya mtu. Baraza linalosikiliza rufaa liko huru na halimo ndani ya idara iliyokukatalia. Kwa kawaida utakaa mbele ya jopo la watu watatu: jaji, daktari, na mjumbe anayeujua ulemavu kwa kuuishi au kwa kazi yake.

Kabla ya siku yenyewe utaletewa kabrasha la karatasi. Humo mna kila kitu: fomu uliyojaza, barua za hospitali, ripoti ya mtathmini (aliyekupima kwa niaba ya idara), sababu za kukukatalia. Ni nene na linakera, lakini lisome ukiwa na kalamu. Kwenye langu, mtathmini aliandika kwamba nilibeba mkoba wangu bila shida. Ni kweli mkoba nilikuwa nao. Ulikuwa umening'inia kwenye kiwiko, kwa sababu vidole vyangu havikunjiki kushika mkanda. Basi nikaandika namba ya ukurasa, nikaandika mkoba ulikuwa wapi na kwa nini. Usipoteze pumzi kumwita mtathmini mwongo. Hayuko kizimbani, na kila dakika unayomsema yeye ni dakika ambayo hujazungumzia mikono yako.

Sasa tufike kwenye kiini. PIP inaangalia shughuli kumi na mbili: kumi za maisha ya kila siku, kama kuandaa chakula, kuoga, kuvaa na kutumia dawa, na mbili za kutembea na kusafiri. Kila moja ina alama zake. Alama 8 katika kundi moja zinakupa malipo ya kawaida ya kundi hilo, 12 zinakupa ya juu. Wengi huishia kuzisoma alama hizo tu, wakati uzito wa kesi uko kwenye maana ya neno kuweza. Kisheria, huhesabiwi kwamba unaweza kitu mpaka ukifanye kwa usalama, kwa kiwango kinachokubalika, ukirudie kila kinapohitajika, na usitumie zaidi ya mara mbili ya muda ambao mtu asiye na tatizo lako angeutumia. Ikikosekana hata moja kati ya hizo nne, basi huwezi.

Chukua kiazi. Je, naweza kumenya kiazi? Naweza, kimoja. Nakigandamiza mezani kwa kiganja maana vidole havifumbi, kisu nakishika kama mtoto anavyoshika penseli, na nusu ya kiazi inaondoka na ganda. Nikifika cha pili kiungo cha kidole gumba kinawaka na kisu kinaanza kuteleza kuelekea mkono wa pili. Cha tatu hakipo. Hapo usalama umeguswa, kiwango kimeguswa, kurudia kumeguswa, na sijasema hata mara moja kwamba naumwa sana. Anayesikiliza ameona mwenyewe.

Linganisha na majibu mawili ya kawaida. Ukiulizwa kama unaweza kupika ukajibu ndiyo, umejifungia mlango. Ukijibu hapana na kunyamaza, daktari wa jopo atakuuliza jana ulikula nini na nani aliandaa, na jibu likisitasita utaonekana unatia chumvi. Jibu linalosaidia lina hatua: unaanzaje, inakukwamia wapi, unafanyaje ikikwama, na baadaye mwili unakulipisha nini. Kama ukioga asubuhi huwezi tena kufanya lolote hadi mchana, hilo ni sehemu ya jibu la kuoga.

Siku njema zipo, ziseme. Sheria inaangalia hali inayokupata kwa zaidi ya nusu ya siku zako, na hakuna anayetarajia uwe kitandani mwaka mzima. Andika kwenye daftari kwa wiki chache kabla ya kikao: asubuhi viungo vilikakamaa mpaka saa ngapi, nani alifunga vifungo, chakula gani kiliachwa. Mistari miwili kwa siku inatosha. Daftari la kurasa nyingi hakuna atakayelisoma, na kuliandika kwenyewe kunaumiza mkono.

Jambo moja linatugusa sisi hasa. Tumelelewa kutomsumbua mgeni kwa shida zetu. Mtu ana homa, akiulizwa hali anajibu njema, anamshukuru Mungu, na anakimbilia kutandika kiti. Mbele ya jopo adabu hiyo inaandikwa kama ushahidi. Ukiulizwa unaendeleaje, jibu kwa ukweli wa siku hiyo.

Na kama Kiingereza kinakupa shida, omba mkalimani tangu kwenye fomu ya rufaa. Baraza humleta bila malipo. Usimtegemee mwanao. Binti hatasimama mbele ya wageni akatafsiri namna anavyomsaidia mama yake kuvaa chupi. Atalainisha, na ni haki yake alainishe. Mwache aje kama shahidi, aseme anachokiona nyumbani kwa maneno yake.

Kuhusu barua za madaktari: jina la ugonjwa peke yake halileti alama. Omba barua inayosema ugonjwa unakuzuia nini. Na iongelee wakati ule, kwa sababu jopo linatazama hali yako ilivyokuwa siku uamuzi ulipotolewa. Kama umezidiwa baada ya hapo, uliza ushauri kuhusu kuomba upya. Citizens Advice, shirika la ushauri kwa wananchi, wanasaidia mambo haya bure. Nenda kwao mapema pia kama tayari unapokea kiasi fulani na unataka kiongezwe, maana jopo lina uwezo wa kupunguza ulichonacho. Hilo watu hawaambiwi vya kutosha.

Siku ya kikao, dawa zako zinywe kama unavyozinywa siku zote. Wapo wanaoziacha ili waonekane wameumia zaidi, na wapo wanaozidisha ili wavumilie kukaa. Wa kwanza wanashindwa kufikiri, wa pili wanasinzia. Kama kwenda huko ni mateso, unaweza kuomba usikilizwe kwa simu au kwa video. Mimi ningekuwa na nguvu ya kufika ningefika, kwa sababu mikono iliyovimba haionekani kwenye simu. Ukishaketi, sema mapema kwamba utahitaji kusimama au kupumzika, kisha simama ukihitaji. Usijikaze ili uonekane mstaarabu, maana watakuwa wanakutazama.

Kuna swali litakaloulizwa kama mazungumzo tu: umefikaje leo? Usijibu "kwa teksi" ukanyamaza. Kutembea kunapimwa kwa mita, na mipaka kama ya mita 20 na 50 ndiyo inayotenganisha alama. Eleza uliteremshiwa wapi, ulisimama mara ngapi kabla ya mlango, uliegemea nini, na ingekuwaje kama ungetakiwa kurudia safari hiyo baada ya dakika chache. Nenda ukaipime njia ya nyumbani kwako mapema, kutoka mlangoni hadi unapolazimika kusimama, ili uwe na jibu kuliko kukisia. Risiti za nauli tunza, maana nauli inaweza kurudishwa. Kwa teksi, liombe baraza ruhusa kabla hujapanda.

Uamuzi unaweza kuupata siku ile ile au kwa posta. Ukishindwa, omba sababu kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja, kwani hatua inayofuata inahusu kosa la kisheria tu, na bila sababu hizo mshauri hana pa kuanzia.

Siku zinazofuata kikao usizipangie kitu. Kukaa wima na kujibu maswali ya mwili wako mbele ya wageni huamsha viungo vyote, na kwangu yaliyofuata yalikuwa mabaya kuliko kikao chenyewe. Pika kabla, uweke chakula kwenye friji, na umwambie mtu mmoja apite kukuangalia. Na hayo pia yaandike kwenye daftari, endapo suala litarudi.