Usimtafute Nge Januari

Kijana mmoja wa Paje, hapa Unguja, kaniandikia juzi: "Kaka, niliwatoa wageni pwani usiku kuwaonesha Nge, lile kundi la nyota, hatukumwona hata mkia. Wakanicheka. Au programu ya nyota ya simu ndiyo mbovu?"

Programu haina kosa, mdogo wangu. Januari Nge huchomoza karibu na alfajiri, wewe umewatoa watu saa 2 usiku. Saa hiyo mwenye mbingu ni Jabari, kundi jengine la nyota (Orion), na ikifika Februari utamkuta utosini, kwani sisi tuko nyuzi 6 tu kusini ya ikweta. Hawa wawili hawakai pamoja: mmoja akichomoza, mwengine anatua. Nge ni wa wakati wa upepo wa kusi. Mngoje Julai.

Mimi haya sikufundishwa skuli. Niliyapata Pemba, dagoni, yaani kambi ya uvuvi, kwa wavuvi wa Kojani. Nikirudi nyumbani natoka baada ya Isha na daftari langu, naandika nyota ipi iko wapi. Wakasema napiga ramli! Jirani mmoja akawakataza wanawe wasikae na mimi. Leo huyo huyo ananipigia simu nimtafutie mwanawe kazi ya kutembeza wageni. Namsaidia, lakini sijasahau.

Basi shika hili: toka nje saa ile ile, simama pahala pale pale. Kila siku nyota huchomoza kama dakika 4 mapema kuliko jana. Mwezi ukipita zimetangulia kwa muda wa saa 2, mwaka ukitimia zimerudi zilipokuwa. Dunia inalizunguka jua, na usiku wetu unaelekea upande mwengine wa mbingu kila msimu. Zima simu, toka nje.

Wazee wetu walisema kilimia, kile kishada kidogo cha nyota, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Tazama wenyewe: Mei, masika yamepamba moto, hukioni, Juni kinazuka alfajiri, mvua zimekwisha, Novemba kiko mashariki mapema usiku. Walijua bila ya intaneti. Nyinyi mnangoja mtalii awaulize ndipo mtazame juu.

Na mtalii wa Ulaya atataka nyota za Msalaba wa Kusini, maana kwao hauonekani. Mpeleke mwisho wa Mei, mawingu yakipungua, Kizimkazi au Makunduchi, bahari iko kusini. Mwambie mapema kwamba haupandi juu sana. Usiku wa mwezi mpevu usimtoe mtu, na bei mpatane kabla hajatia mguu kwenye ngalawa.