Barua kwa Aika: mizani, kahawa na usiku wa kibatari

Kibosho, Jumapili jioni

Mwanangu Aika,

Tumsifu Yesu Kristo. Ujumbe wako niliusoma mara mbili, mara ya kwanza bila miwani. Unasema wiki ijayo hapo Arusha utasimama mbele ya wakubwa kuzungumzia maendeleo, na unataka mama yako akuambie kwa ufupi: kati ya misaada na biashara, ni kipi kilichotuinua hapa nyumbani? Kwa ufupi siwezi. Unanijua.

Kwanza nikuulize: mizani aliishika nani? Najua umecheka. Kaka yako Deo naye hucheka nikisema hivyo. Lakini hilo alinifundisha babu yako mwaka niliokuja kuolewa hapa. Mtu akikuita mezani kuzungumza bei, alisema, usimtazame usoni, tazama mkono ulioshika mizani.

Babu alikuwa mtu wa ushirika hadi mifupani. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ilikuwepo tangu 1933, na kitabu chake cha uanachama alikihifadhi pamoja na Biblia. Unapeleka kahawa chama cha msingi, karani anapima, unapata malipo ya kwanza, baadaye ya pili, na mwaka ukiwa mzuri ya tatu. Babu aliamini bei inapangwa mjini Moshi, kwenye lile jengo. Kumbe tangu 1962 kulikuwa na Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa. Nchi zinazolima na nchi zinazokunywa zilikubaliana mgao, kila nchi inayolima, kubwa kwa ndogo, iuze kiasi chake ili bei isiporomoke. Babu hakuujua mkataba huo kwa jina. Aliujua kwa mabati ya nyumba hii na kwa ada za shangazi zako.

Julai 1989 mgao ule ukavunjika na bei ikaanguka kama gunia lililokatika kamba. Babu akadhani karani ameanza kuiba. Akavaa koti, akaenda chamani kumtolea maneno mbele ya watu, mpaka mimi niliyekuwa mgeni kwenye ukoo nikatamani ardhi ipasuke. Mwaka ule karani hakuwa mwizi. (Miaka mingine sisemi.)

Hapo ndipo neno langu la mizani linaponishinda mwenyewe. Mizani ya chamani ilikuwa sawasawa. Bei ndiyo ilikuwa New York, kwa watu ambao hawajawahi kuona kihamba, shamba letu la nyumbani la migomba na kahawa. Lakini hebu fikiri, na hiyo si mizani? Ni mizani tu, ila imetundikwa mbali.

Sasa nikuambie la mwaka 2001, ambalo humu ndani halijawahi kusemwa wazi. Msimu ule baba yako alirudi kutoka chamani na fedha kwenye mfuko wa shati, na mfuko haukuvimba. Ni wewe uliyekuja kunieleza baadaye kwamba Oktoba ile ratili moja (karibu nusu kilo) ya kahawa ya arabika ilishuka chini ya senti 45 za dola. Mimi nilichojua ni kwamba Deo yuko kidato cha tatu na shule imemrudisha kwa ajili ya ada, na dawa ya chulebuni, ule ugonjwa wa kahawa, ilikuwa inatushinda kununua. Na kahawa, unajua, ilikuwa mali ya mwanaume. Ndizi na maziwa ni vya mama, kahawa ni ya baba. Nilichuma mimi, nikamenya mimi, nikaanika chanjani na kufukuza kuku mimi. Kitabu kikaandikwa jina lake.

Usiku ule yeye alikuwa msibani Uru. Nikachukua shoka na panga nikateremka kule chini kando ya mfongo, mfereji wa maji. Miti ya kahawa thelathini na minne, yote ya babu. Wewe ulishika kibatari. Ukaniuliza, "Mama, tunaiba?" Nikakuambia nyamaza, shika vizuri. Na tulikuwa tumeambiwa miaka yote kwamba kung'oa kahawa ni kosa, kwa hiyo swali lako halikuwa la kitoto.

Baba yako alirudi asubuhi. Akasimama pale na koti la msibani, akahesabu visiki, kisha akaenda kumkatia ng'ombe majani. Laiti angenigombeza.

Nikapanda nyanya. Alfajiri nilikuwa nateremka nazo soko la Mbuyuni, na pale fungu nililipanga kwa mikono yangu, bei nikaitaja kwa mdomo wangu. Deo akarudi shule. Miaka kumi ikapita, ikafika 2011, bei kule New York ikavuka dola tatu kwa ratili. Jirani zetu wa juu wakaezeka upya. Baba yako hakusema neno, ila jioni moja nilimwona anapita kule chini polepole, midomo inacheza. Alikuwa anahesabu. Mwaka 2025, uliponipigia simu kwa furaha kwamba imevuka dola nne, nilikujibu kwamba chakula kinaungua nikakata. Hakukuwa na chakula jikoni.

Nisingeikata miti ile je? Deo angebaki nyumbani. Au asingebaki, maana paroko alikuwa ameahidi kuzungumza na mkuu wa shule. Lakini ahadi ya paroko huwezi kuipeleka kwa mhasibu. Basi, nilikata.

Umeniuliza misaada. Unakumbuka 2002, ada ya shule ya msingi ilipofutwa, mlivyofurika darasani mpaka mkakaa sakafuni? Novemba 2001 nchi yetu ilipata msamaha wa madeni, ule wa nchi maskini zenye madeni makubwa. Angalia miezi hiyo. Oktoba dunia inatuminya shingo kwenye kahawa, Novemba inatufungulia kamba ya deni. Sijui kama ni mikono ya mtu mmoja. Nina wasiwasi.

Ile semina ya ukumbi wa parokia nayo usiisahau kuwasimulia. Walikuja watu wa mradi mmoja "kuwajengea wadau uwezo", soda mbili kila mtu. Kijana mwenye kalamu nene akauliza mahitaji yetu. Bibi yako akasimama na mkongojo akasema tunataka mizani ya pili, yetu wenyewe, tupime nyumbani kabla ya kwenda kupimiwa. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Kijana akaandika ukutani neno "Uwazi". Tukapewa fulana na mikasi ya kupogolea. Mikasi ni mizuri, bado ninayo, siwezi kuisema vibaya.

Na miche je? Watafiti wa TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa pale Lyamungu, walitoa aina mpya zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani, na Umoja wa Ulaya ulichangia fedha. Wewe mwenyewe ulinieleza habari ya Stabex, mfuko wa Mkataba wa Lomé wa 1975 wa kufidia nchi ambazo mapato ya mazao yake yameanguka. Sasa mtu akinunua kahawa yako kwa bei ya kutupa, kisha akakurudishia kidogo ununue miche ya kahawa, huo ni msaada au ni biashara? Mimi naita chenji. Baba yako anasema nina mdomo.

Halafu uliniambia Ujerumani haina shamba la kahawa lakini inauza nje kahawa iliyokaangwa. Nikasema bila shaka ni ushuru wao wanaotuzuia nao. Ukasema hapana mama, tangu 2001 nchi kama yetu huingiza Ulaya kila kitu isipokuwa silaha bila ushuru, hata kahawa iliyokaangwa. Nilikosa usingizi. Kama mlango uko wazi, kwa nini hatuingii? Nadhani kukaanga si moto tu. Ni meli, ni mkopo wa riba nafuu, ni jina kwenye pakiti ambalo mtu wa Hamburg analiamini. Mizani tena, Aika.

Kwa hiyo uwaambie nini? Nilikuwa nimeandika jibu hapa, nikalikata kwa kalamu, usijaribu kulisoma kwenye mwanga. Liko mdomoni na linaniwasha. Lakini 2013 baba yako alileta miche kutoka Lyamungu akaipanda kule chini, nyanya zilipokuwa. Miche thelathini na minne. Sikumuuliza kwa nini isiwe arobaini. Ilipozaa alikwenda chamani peke yake, akarudi, akaweka kitabu kipya mezani karibu na kikombe changu. Kina majina mawili.

Anakusalimu. Anasema kwenye basi ukae dirishani. Na ile ndoo yangu ya bluu uliyoondoka nayo Pasaka irudi, msimu umekaribia.

Mama yako