Jibu: Kwa nini dawa za Ebola hujaribiwa kwa tumbili, si panya?
Mkuu, umeuliza kwa nini wasitumie panya tu, maana ni rahisi na wanazaliana haraka. Tatizo ni kwamba ukimdunga panya mzima kirusi cha Ebola kilichotoka kwa mgonjwa, haugui. Interferoni zake, yaani protini za kinga ya mwili dhidi ya virusi, hukidhibiti mapema. Ndiyo maana watafiti wa Marekani, katika kazi iliyochapishwa 1998, walikipitisha kwenye vitoto vya panya mara kadhaa mfululizo mpaka kikaweza kuua panya wakubwa. Lakini hapo unapima kirusi kilichobadilika, na kuganda kwa damu ya panya hao hakuvurugiki kama kwetu. Tumbili aina ya rhesus ndiye anayeugua karibu sawa na binadamu.

Karibu sawa, nasema, si sawa kabisa. Mwaka 2014 dawa ya Ebola iitwayo ZMapp iliwaponya tumbili wote 18 waliotibiwa, hata walioanza dawa siku ya tano baada ya kuambukizwa. Ilipojaribiwa kwa wagonjwa mashariki mwa Kongo, 2018–2019, karibu nusu ya waliopewa walifariki. Kwa dawa nyingine, mAb114, iliyotokana na kingamwili (protini za mwili zinazoshambulia kirusi) za mtu aliyepona Ebola ya 1995 huko Kikwit, Kongo, walifariki kama asilimia 35. Tofauti moja kubwa: tumbili wa maabara siku yake ya kuambukizwa inajulikana, mgonjwa wa Beni, mashariki mwa Kongo, huja akiwa amechelewa.