Gari kwenye boti ya usiku, Goma–Bukavu: lifungwe vipi, na watoto walale wapi?

SWALI

Jambo fundi. Mwezi ujao tunashuka Uvira kwenye ndoa ya mdogo wangu. Mume wangu ametangulia, kwa hiyo niko mimi, watoto watatu na dada anayenisaidia nyumbani. Tumeamua kupanda boti ya usiku kutoka Goma mpaka Bukavu pamoja na gari letu, RAV4 ya otomatiki, na asubuhi tuendelee kwa barabara. Jirani aliyewahi kusafirisha gari amenishauri niliache kwenye N (gia huru) ili giaboksi isivunjike boti ikiyumba, kamba zifungwe kwenye bampa, nichomoe betri, na nijaze tanki hapa hapa Goma. Anasema pia tulale ndani ya gari: vitu vyetu vitakuwa salama na watoto hawatapigwa na baridi. Nifuate lipi na niache lipi?

Mama mmoja wa Katindo

JIBU

Mama, naanza na hilo la mwisho kwa sababu ndilo linalonitia hofu. Watoto wasilale ndani ya gari. Hata saa moja.

Gari likishapanda boti ni mzigo kama magunia yaliyo pembeni yake. Litabanwa na mizigo ya watu wengine, na mara nyingi milango ya upande mmoja haitafunguka tena mpaka Bukavu. Kamba ikilegea, kitu cha kwanza kusogea ni gari lenyewe. Ubaridi ukizidi, mtu atashawishika kuwasha injini ili apate joto, na moshi wa injini una kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, ambayo humchukua mtu akiwa usingizini. Na boti ikipata shida, nafasi ya kutoka ni fupi mno. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti ya Merdi, iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi, ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku hapa Goma, watu wakiitazama kutoka nchi kavu. Wengi wetu tuliona picha zile: ilipoanza kulala upande, haikuchukua muda. Mtoto aliyelala kwenye kiti cha nyuma, mlango umezibwa na magunia, huwezi kumfikia.

Lipia nafasi za juu, kibanda kama kipo, au viti vilivyo karibu na mlango wa kutokea nje. Ziwa letu la Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo baridi ya alfajiri ni ya kweli. Chukua blanketi na makoti. Jaketi za kuokolea maisha ziombeni mapema, za watoto ziwe za saizi yao, na wavae mkiwa bado gatini ili uone kama zinafunga. Jaketi ya mtu mzima humvuka mtoto kichwani akiingia majini.

Sasa gari.

Jirani yako ana hoja kuhusu giaboksi, lakini dawa aliyotoa siyo. Ukiweka P, yaani gia ya kuegesha, ndani ya giaboksi kuna kijino kimoja cha chuma kinachoingia kwenye gurudumu lenye meno na kulizuia lisizunguke. Ni kidogo. Ukiegesha gari, ukaweka P na kuondoa mguu bila kuvuta breki ya mkono, uzito wote unakiegemea hicho, na boti ikiyumba usiku kucha kinagongwa huku na huku. Ndiyo sababu watu hukuta gari limekwama kwenye P asubuhi. Lakini N maana yake magurudumu yako huru, na kila kitu kimeachiwa kamba.

Fuata utaratibu huu: gari likiwa mahali pake, kanyaga breki, weka N, vuta breki ya mkono kwa nguvu, kisha ondoa mguu polepole mpaka uhisi gari limetulia juu ya breki ya mkono. Hapo ndipo ukanyage tena na kuweka P. Kijino kitaingia bila kubeba mzigo. Mwenye gari la gia za kawaida aache kwenye namba moja, breki ya mkono juu. Kisha kabari za mbao, mbele na nyuma ya magurudumu, siyo upande mmoja tu. Zitengenezeshe kwa seremala kabla ya safari. Jiwe la lava linateleza juu ya bati.

Nikupe hesabu ili uone kwa nini nasisitiza. RAV4 yenye mizigo nichukulie ni kilo 1,500. Boti ikilala nyuzi 10 tu, gari linavutwa kuelekea chini kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 260. Ikilala nyuzi 20, nguvu hiyo inapita kilo 500. Tairi juu ya chuma hushika vizuri mpaka nyuzi 16 au 17 hivi, lakini hapo sijahesabu bati lililomwagikiwa mawese, na boti zetu hubeba mawese. Kwenye bati la namna hiyo gari linaanza kuteleza mapema zaidi, breki ikiwa imevutwa kabisa. Kwa hiyo omba deki ifagiliwe na imwagiwe mchanga kidogo pale magurudumu yatakaposimama. Mabaharia hawakatai ukiomba kwa heshima kabla shughuli hazijapamba moto.

Kamba sasa, maana hapa ndipo naona magari yakiharibika.

Bampa ya gari la leo ni plastiki iliyoshikwa na vibanio. Ukifunga kamba pale, asubuhi utakuta bampa imeng'oka na gari limehama. Usiwaruhusu pia wafunge kwenye springi, kwenye shafti inayozungusha magurudumu, wala kupitisha kamba karibu na paipu ya breki. Paipu ile ni ya mpira. Ikisuguliwa usiku kucha itakatika mlimani, siyo kwenye boti. Mahali pazuri ni magurudumu yenyewe: mkanda unapita juu ya tairi na kushuka pande zote mbili mpaka kwenye pete za chuma zilizochomelewa kwenye deki. Faida yake ni hii: gari likinesa juu ya springi zake, magurudumu hayanesi, kwa hiyo mkanda haulegei. Ukifunga bodi, kila gari linapobonyea kamba inalegea kidogo, na linapoinuka kamba inashtuliwa. Baada ya saa tano za hivyo hakuna fundo linalobaki. Kama mikanda ya magurudumu haipo, tumia ndoano ya kuvutia gari iliyokuja na gari lako. Kwenye RAV4 nyingi inafungwa kwa kuzungusha nyuma ya kifuniko kidogo kwenye bampa. Iweke tayari kabla hujafika bandarini, kwa sababu wengi huitafuta saa mbili usiku kwa tochi ya simu.

Nunua mikanda ya polista yenye mtambo wa meno wa kukazia, ile inayotumiwa na malori, minne. Usitegemee kamba ya nailoni. Nailoni hunyumbuka, na ikilowa hunyumbuka zaidi na nguvu zake hupungua. Itakazwa vizuri Goma na kufika kisiwa cha Idjwi, katikati ya ziwa, ikining'inia. Mkanda usisimame wima wala usilale chini kabisa. Mwongozo wa Shirika la Kimataifa la Bahari wa mwaka 1985 kuhusu magari ndani ya meli unataka pembe kati ya nyuzi 30 na 60, na sababu yake ni rahisi: uliosimama wima unakandamiza gari bila kulizuia kuteleza, na uliolala unalizuia kuteleza bila kulikandamiza. Usikubali gari lako lifungwe kwenye gari la jirani au kwenye vyuma vya ukingo wa boti. Vyuma vile ni vya kushikilia mikono ya abiria.

Baada ya kuondoka, kabla ya saa moja kuisha, shuka na baharia mmoja mkague. Mikanda yote hulegea kidogo mzigo unapotulia. Ni wakati mzuri pia kwa sababu sehemu ya kaskazini ya ziwa iko wazi, na kiangazi, mwezi wa sita mpaka wa nane, upepo wa kusini unavuma moja kwa moja kuelekea Goma. Mkishaingia nyuma ya Idjwi maji hutulia.

Kupanda boti kunahitaji utulivu wako kuliko ujuzi. Watoto na dada washuke garini, wapande kwa miguu. Wewe au dereva unayemwamini abaki peke yake, vioo vya milango vikiwa chini, milango haijafungwa kwa loki, na mkanda wa kiti umefunguliwa. Najua tumefundishwa kufunga mkanda, lakini hapa hatari ni maji. Tarehe 29 Septemba 2019, kwenye kivuko cha Likoni kule Mombasa, gari liliteleza kinyumenyume kutoka kivukoni hadi baharini na mama na mtoto wake waliokuwa ndani. Ilichukua karibu wiki mbili kulitoa. Tangu siku hiyo nasema jambo hili kwa kila anayeniletea gari, na sitaacha.

Kabla hujasogea, angalia kamba zinazoshikilia boti gatini: ziwe zimekazwa, mbele na nyuma. Gurudumu la mbele likikanyaga boti, boti inazama kidogo na kusukumwa nje, na kamba ikiwa imelegea nafasi inafunguka katikati. Weka L au namba ya chini, usukani unyooke, mwendo mmoja bila kushtua mafuta. Mtu wa kukuongoza awe mmoja. Wakianza kupiga kelele watano, simama, vuta breki ya mkono, ngoja wakubaliane.

Omba gari likae deki ya chini, katikati, siyo pembeni na kamwe siyo juu. Uzito ukiwa juu boti inachelewa kujiinua ikilala. Tazama pia ubavu wa boti: kuna alama iliyopakwa rangi inayoonyesha mwisho wa kuzama. Ikiwa chini ya maji wakati bado wanapakia, mama, usipande. Dai hela zako. Wakikataa kuzirudisha, ziache. Kivuko cha MV Nyerere kilichopinduka karibu na Ukara, Ziwa Viktoria, tarehe 20 Septemba 2018, kilitengenezwa kwa watu 101. Waliokufa peke yao walikuwa 228. Na hakikisha majina yenu nyote, watoto pia, pamoja na namba ya gari, yameandikwa kwenye orodha ya boti. Usikubali kuambiwa watoto hawaandikwi.

Betri iache. Kwa usiku mmoja haitakwisha, na kama RAV4 yako ni ya miaka ya karibuni yenye breki ya mkono ya umeme, ukichomoa betri hutaweza kuiachia breki, wala kutoa gari kwenye P, pale mabaharia watakapohitaji lisogezwe haraka. Zima alamu inayoshtuka gari likitikiswa, kunja vioo vya pembeni, ufunguo ukae mfukoni mwako.

Tanki: robo mpaka nusu inatosha. Bukavu kuna mafuta. Lililojaa pomoni huvuja gari likiinama, na hapo jirani wa gari lako amekaa na sigara. Usibebe mafuta ya akiba kwenye bidoni, wala chupa ya gesi ya kupikia, hata kama umeambiwa ni zawadi ya maharusi.

Kitu kimoja hukuuliza, lakini ni cha kwetu Goma. Mkifika mapema na kungoja zamu ya kupakia, msiegeshe gari kwenye bonde au shimo karibu na ufuko na kulala humo, hasa kuelekea Himbi, Bulengo na njia ya Sake. Mazuku hukaa sehemu hizo. Ni kaboni dioksidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa ya kawaida, inayojikusanya mabondeni usiku upepo ukitulia. Mtu mzima aliyesimama anaweza asihisi kitu, huku mtoto au mbwa aliye chini anazimia. Ngojeni mahali palipoinuka, penye watu.

Bukavu, kabla ya kuondoka bandarini, fungua mikanda mwenyewe na uangalie chini ya gari kwa tochi: paipu za breki nne, waya mwembamba unaokwenda kwenye kila gurudumu, na tairi zenyewe pale mkanda ulipopita. Ukikanyaga breki mara ya kwanza utasikia mkwaruzo. Ni kutu nyepesi ya umande kwenye diski, inaisha baada ya kukanyaga mara mbili tatu. Maji yetu siyo ya chumvi kama ya bahari.

Waulize madereva waliotoka Uvira siku hiyo hiyo hali ya barabara na usalama, siyo waliotoka juzi. Kisha ukumbuke kwamba kutoka Bukavu mpaka Ziwa Tanganyika, ilipo Uvira, unashuka zaidi ya mita 600, nyingi ya hizo kwenye mteremko wa Ngomo kabla ya Kamanyola. Weka gia ya chini tangu juu, acha injini ishike gari, na breki uikanyage kwa vipindi. Ukisikia harufu ya kuungua au pedali ikianza kuzama, simama mahali tambarare na uache zipoe zenyewe nusu saa nzima. Vijana watakuja na ndoo kukumwagia maji kwenye rimu. Wakatalie: diski ya moto ikipigwa na maji ya baridi inapinda, na utaisikia kwenye usukani mpaka Uvira.