Gome ndilo la kuangaliwa

Umeuliza kama kuchuma dawa za porini lazima kuumalize msitu. Hapana, inategemea unachukua sehemu gani. Majani na matunda hurudi, mradi ubakize matunda ya kuanguka na kuota. Mzizi ukiung'oa, mmea umekwenda. Gome ndilo linalotaka subira: ukilibandua kuzunguka shina lote, chakula kinachotengenezwa na majani hakishuki tena mizizini, na mti unakufa umesimama, polepole, matawi ya juu yakikauka. Bandua sehemu tu, na usikwangue ule utando laini unaoteleza juu ya mbao, maana huko ndiko gome jipya linakoanzia. Mti wa Prunus africana, unaotafutwa kwa dawa ya tezi dume, umo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 1995 kwa sababu biashara ya gome lake ilikuwa inaumaliza.

Ila tafadhali, tusiwalaumu wanakijiji peke yao. Asiye na uhakika kama mwakani ataukuta mti atachukua chote leo. Haki ya msitu ikiwa mikononi mwao kisheria, wanaweza kupanga zamu: upande huu unachumwa, ule unapumzishwa, na mnunuzi wa nje anaongea nao kwanza.