Mkuu kata hizo waya leo, usisubiri wikiendi
Umesema umepanda miche 30 ya parachichi hapo Makambako, upepo unailaza, umeifunga na binding waya kwenye nguzo, na unauliza uongeze waya ya pili huko juu au vipi, na mbolea gani uweke. Usiongeze kitu! Hata hiyo uliyofunga itoe.

Mimi nilipanda parachichi aina ya Hass 40 za kubebesha (zilizounganishwa kitaluni) Desemba 2020, mche elfu tano, na upepo wa huku kiangazi kikikolea unaujua. Aliyeniuzia miche akaniambia kaza mpaka usitikisike kabisa, mti ukitikisika haushiki. Nikamwamini, mtu ana kitalu kikubwa kuliko shamba langu, ningembishia nini? Nikapigilia nguzo moja moja karibu kabisa na shina, waya nikafunga juu karibu na kilele, nikakaza kwa plaizi. Mwaka wa kwanza miti imenyooka mpaka majirani wanakuja kuangalia.

Kumbe shina linanenepa na waya haipanuki. Ikazama kwenye ganda taratibu, juu ya waya pakavimba kama goti, chini pakabaki pembamba, kwa sababu chakula kinachotengenezwa na majani kinashuka mizizini kwa kupitia hapo kwenye ganda na njia ndo ishabanwa. Agosti 2022 ukapiga upepo usiku mmoja tu, asubuhi nafika nakuta miti 23 imekatika palepale penye waya kama mtu kapita na panga. Iliyobaki nikaifungua nikijua naiokoa, ikalala chini, shina halijawahi kuyumba hata siku moja litajibeba vipi? Laki mbili za miche, samadi, vibarua wa kumwagilia kiangazi mara mbili, vyote vikaishia hapo. Nampigia yule bwana ananiambia labda hukukaza vizuri. Inaniuma mpaka leo, maana bado anauza miche na bado anawaambia watu hivyohivyo, na nikisoma ulichoandika naona kabisa ni maneno yake au ya mwenzake.

Mkuu, mti lazima uyumbe. Kuyumba ndo kunakolinenepesha shina kule chini na kuifanya mizizi ishike. Unachozuia wewe ni donge la mizizi lisicheze shimoni, basi, huko juu uache upepo uufundishe. Nilivyopanda upya nimeweka nguzo mbili kila mche, huku na huku, nje ya lile donge lililotoka kwenye kiriba (mfuko wa kitaluni) ili nisichome mizizi, nikafunga chini, kama theluthi ya urefu wa mche, ila sio palepale penye kovu la kubebeshea. Nafunga na tyubu ya baiskeli iliyokatwa vipande vipana, naizungusha kama namba nane ili shina lisisuguane na nguzo, na inalegea kiasi vidole viwili vinapita. Kila mwezi napita kuangalia kama imeanza kubana, na baada ya mwaka nikazitoa zote. Upande unakotokea upepo nimepanda mabingobingo, yanasaidia sana.

Nenda na plaizi jioni hii, kata waya taratibu usichubue ganda, na ambayo ishazama usiivute kwa nguvu, halafu funga tyubu chini kama nilivyokueleza ili isilale kama yangu. Ukirudi niambie umekuta mingapi imeshaanza kuvimba juu ya waya.