Maswali na majibu: Sola yangu inazima saa tatu usiku, niongeze betri?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Niko Chamwino, Dodoma. Nina paneli ya wati 100 juu ya bati la jikoni, betri ya maji ya 12V 100Ah na inveta ya wati 500. Natumia taa 4 za LED za wati 5, TV ya wati 30, na kuchaji simu 3. Mwaka wa kwanza mambo yalikwenda vizuri. Sasa ikigonga saa tatu usiku inveta inalia, nyumba giza. Fundi anasema niongeze betri. Majirani waliotaka kufunga na wao wameanza kusita.

JIBU: Betri usinunue kwanza. Ukiifunga mpya sambamba na iliyochoka, ile kuukuu itaivuta mpya chini, na umeme unaoingia utabaki ule ule.

Tupige hesabu. Taa 4 kwa saa 4 ni Wh (wati-saa) 80, TV kwa saa 4 ni 120, simu tuseme 30. Jumla 230. Paneli yako, kwa saa 5 za jua kali na ukiondoa upotevu, itatoa kama 350. Inatosha kabisa! Ila je, inveta unaizima ukienda kulala? Nyingi za bei nafuu hula wati 10 hivi hata zikiwa hazijabeba kitu. Mara saa 24, ni Wh 240, zaidi ya taa na TV kwa pamoja. Taa na simu zitoe kwenye inveta, ziwe za 12V moja kwa moja kutoka kwenye kontrola, kile kifaa cha kudhibiti chaji kati ya paneli na betri. Inveta iwashwe kwa ajili ya TV tu.

Mwizi wa pili wa umeme ni waya wa kutoka kwenye paneli hadi kwenye betri. Hukutaja unene, lakini kutoka bati la jikoni hadi sebuleni mara nyingi ni mita 15, na mafundi hupenda kuvuta waya wa taa wa mm² 1.5. Paneli ya "12V" hutoa kama volti 18 ikiwa ya baridi. Juu ya bati la Dodoma saa saba mchana hupata moto hadi nyuzi 65, na volti hushuka hadi 15 hivi. Ampea 5.5 zikipita kwenye waya huo, kwenda na kurudi mita 30, zinapoteza karibu volti 2. Betri inabaki na 13, ilhali inahitaji 14.4 ili ijae. Hivyo haijai hata siku moja, na betri ya risasi kama yako isipojaa hujenga gamba la salfeti kwenye sahani zake za ndani na kupungua nguvu kidogo kidogo. Ndiyo maana mwaka wa kwanza ilivumilia. Weka waya wa mm² 6: upotevu utakuwa nusu volti tu. Paneli nayo iinue sentimita 10 kutoka kwenye bati, upepo upite chini yake.

Paneli ielekee kaskazini, mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15, maana Dodoma tuko kusini mwa ikweta. Ukiilaza kabisa, kama wengine wanavyofanya juu ya tembe, vumbi la kiangazi linakaa. Ifute kwa kitambaa chenye maji kila wiki, asubuhi kabla haijapata moto. Betri iongezee maji safi ya betri (distilled water) ya dukani tu. Maji yetu ya kisima yana chumvi, yanaiua.

Ukibadilisha waya, chomoa paneli kwanza, betri baadaye. Ukirudisha, betri ndiyo itangulie: kontrola nyingi huungua kwa kupewa paneli bila betri.

Kisha chaji siku 3 bila TV. Asubuhi ya nne, kabla ya jua, chomoa vyote na upime volti za betri kwa mita. Ikisoma 12.6 au zaidi, betri bado inashika chaji. Ikiwa chini ya 12.2, imekwisha: nunua moja ya sola, si ya gari, na ile kuukuu usiiunganishe nayo.